Mrija wa Mama Mkwe

Siku hizi maumivu ya mgonjwa huhamishiwa mwilini mwa ndugu, na sheria humtanguliza mke wa mwana. Ndivyo Raya alivyobebeshwa ya mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, aliyewekewa mrija kati ya figo na kibofu.

Kila Bi Mwanakombo alipokojoa, Raya alichomwa kiunoni. Alikuwa akikanda chapati huku kabanwa na mkojo usio wake.

Siku ya kuutoa mrija, alimkuta mama mkwe akigugumia bilauri ya tano ya maji ya ukwaju.

“Mama, daktari anatungoja.”

“Nimemwambia tungoje mpaka Idi, mwanangu. Mbona mrija wenyewe hauniumi?”

Akainuka taratibu, akaelekea chooni huku akiimba.