Uso Chini ya Barakoa

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa vifuani na yaliyofunikwa vitambaani, na rehema zimfikie Mtume wake, tuanze pale kalamu zilipokwama.

Zilikwama kwenye kisanduku cha mwisho cha katuni. Mashujaa wanne walikuwa wamemzingira mwizi juu ya paa la ghala: Kurunzi na mwenziwe Kivuli upande wa kulia, Mwewe na mwenziwe Chiriku upande wa kushoto. Mkono wa Mwewe ulikwisha kuishika barakoa. Kilichosalia ni uso wa mwizi, na uso huo hapakuwa na aliyethubutu kuuchora.

Tuwapange watu kwa daraja zao. Mkubwa ni Wino, aliyewabuni Kurunzi na Kivuli. Anayemfuata ni Kifutio, mtoto wa ami yake, aliyewabuni Mwewe na Chiriku. Lakabu hiyo aliipata kwa kufuta zaidi ya alivyochora. Wa tatu ni Mhariri, binti wa marehemu Bwana Mkubwa na mrithi wa majarida yake ya katuni.

Ujanani, mabinamu hao walifanya kazi kwenye meza moja. Walikuwa na desturi yao: Wino huchora uso, Kifutio hutia macho, ndipo mtu ahesabiwe amezaliwa. Ndivyo walivyochora kisa kilichowakutanisha mashujaa wote wanne. Kabla hakijachapwa, michoro yote ikatoweka ofisini. Kila mmoja akamshuku mwenzake, na meza ikavunjika.

Husemwa wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zilistawi: jarida moja likawa mawili, moja la Kurunzi na moja la Mwewe, yote mali ya Bwana Mkubwa, na wasomaji wakanunua yote mawili. Udugu ndio ulionyauka. Kifutio alipofiwa na mkewe, Wino hakwenda kuzika.

Sasa Mhariri alikuwa amewaita. "Kisa kile kile," aliwaambia, "kwa mikono ile ile, kabla Mola hajachukua amana yake."

Walikubali, lakini kila mmoja alikuja na chupa yake ya wino, na kila mmoja alikinga karatasi yake kwa kiwiko. Chai ilipoletwa, Wino hakuigusa mpaka alipomwona Kifutio amemeza.

"Mwizi wako mbona anachechemea mguu wa kushoto, kama mimi?" aliuliza Wino.

"Wezi wengi huchechemea, binamu. Hukimbia sana."

"Haya."

"Na wewe mbona umempa masikio yangu?"

"Ya kusikilizia milangoni."

Asubuhi hiyo Mhariri alikuwa ametoa kauli iliyowanyima raha wote wawili: "Uso wa mwizi nitauleta mimi. Nyinyi mtanakili tu." Kisha akaelekea stoo, akawaacha peke yao.

"Umemwambia nini binti huyu?" alinong'ona Wino.

"Mimi? Wewe ndiye uliyeonana naye jana, mlango umefungwa!"

"Sikiliza. Uso wangu ukitokea katika kisanduku hicho, wajukuu zangu wakaniona mwizi mbele ya umma, naivunja kalamu hii. Na udugu tuuzike leo, hapa hapa."

"Ulikwisha kuuzika. Hayo ndiyo maziko pekee uliyohudhuria."

 Wino aliyainua macho ukutani, mahali ilipozoea kuning'inia picha ya Bwana Mkubwa. Sasa palibaki msumari na alama ya mraba iliyofifia. Picha ilikuwa imeshushwa ikabadilishwe kioo kilichopasuka. Akahisi upweke.

"Laiti marehemu angekuwapo," alisema. "Yule ndiye aliyekuwa na uadilifu. Siku ile ya wizi alinishika bega, akaniambia, 'Mwanangu, vumilia. Binamu yako ndiye aliyetoka mwisho.'"

Kifutio aliiweka kalamu chini taratibu.

"Alikushika bega?"

"La kulia. Na machozi yalimlengalenga."

"Binamu," alisema Kifutio, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha, "hata mimi alinishika..."

Mlango ulifunguka. Mhariri aliingia amekumbatia kitu bapa kilichofunikwa kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Wino; ndiyo picha yangu hiyo. Akaishika kalamu kwa mikono miwili, tayari kuivunja.

Mhariri alikilaza kitu kile mezani, akakifunua. Ilikuwa picha ya Bwana Mkubwa, na tabasamu lake la mwanya. Wazee wakasimama kwa heshima, kama walivyozoea.

"Kaeni, ami zangu," alisema.

Akaigeuza picha. Nyuma yake, palipopaswa kuwa na ubao mtupu, palipangwa michoro iliyogeuka manjano: Kurunzi, Kivuli, Mwewe na Chiriku, nyuso zilizochorwa na Wino, macho yaliyotiwa na Kifutio.

 Kisha binti akaigeuza tena, tabasamu likaelekea juu, akawasogezea karatasi.

"Huyu ndiye. Ami Wino, chora uso. Ami Kifutio, tia macho. Mola amsamehe baba yangu aliyetangulia, na nyinyi mliobaki awarudishie udugu wenu, mkaule mngali na meno. Amina."