Mpira Uliokutwa Ngumini

Walipomtoa mdogo wake fundi bwawani, mpira ulikuwa bado ngumini. Ilibidi fundi mwenyewe aukunjue mkono ule, kidole kimoja kimoja.

Ulikuwa mpira wa gofu, mweusi kwa tope, na chini ya tope nyota ndogo nyekundu iliyochorwa kwa wino. Kiwanja kizima kiliijua nyota ile. Mwenyekiti wa klabu alikuwa na mpira mmoja tu wa bahati, na kabla ya pigo la kwanza aliubusu hadharani kama mtu anayembusu mwanawe. Siku ulipotumbukia bwawani, alimwamuru mdogo wake fundi, mzamiaji wa klabu, aufuate. Mzamiaji akasema tope la upande ule linameza watu.

"Tangu lini bata akaogopa maji?" akasema Mwenyekiti, na wenzake wakacheka.

Bata akaingia.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka ujumbe ulipofika nyumbani kwa fundi: Mwenyekiti anautaka mpira wake, na urudi kama mpya.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba ile. Marehemu alizamia, kaka yake akafufua. Mipira iliingia kwa mlango wa jikoni ikinuka bwawa, ikatoka kwa mlango wa mbele ikimeta kama mayai.

"Utamtengenezea?" mkewe aliuliza.

"Nitamtengenezea."

"Wewe! Si wewe uliyeshikwa na watu wanne pale kaburini, ukitaka kumng'oa Mwenyekiti meno?"

"Meno nimemwachia, mama watoto. Mtu apewe anachokitaka."

Akauloweka mpira, akausugua kwa mswaki mkuukuu, kijishimo baada ya kijishimo, mpaka maji yakaacha kubadilika rangi. Akaupitisha kwenye msasa laini. Akaziba mkwaruzo mmoja, akapaka rangi nyeupe, akangoja, akapaka tena. Kwa kawaida alama za wenye mipira alizifuta zote, maana mpira uliofufuliwa hauna mwenyewe. Safari hii aliirudisha nyota pale pale ilipokuwa, pembe kwa pembe.

Ilipobaki vanishi, akamwambia mkewe atoke jikoni. Akafunga dirisha. Akavaa glavu.

Mkewe alimchungulia mlangoni. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona na glavu. Alikuwa akijigamba kwamba ngozi yake ni gome la mti.

"Vanishi gani hiyo isiyo na harufu?"

"Ya watu wakubwa."

Alipomaliza aliichoma brashi pamoja na glavu. Kichupa cha vanishi ile alikizika nyuma ya nyumba, akachimba kuliko ilivyohitajika, kisha akaweka jiwe juu yake ili kuku wa jirani wasije wakapachakura. Mkewe akalitazama lile jiwe. Akarudi jikoni, akaondoa vikombe vyote mezani, akaiosha meza, akaiosha tena. Jioni ile walikula wakiwa wameketi sakafuni sebuleni.

Asubuhi kijana wao akaja kuuchukua mpira. Ndiye aliyembebea Mwenyekiti mkoba wa fimbo. Baada ya msiba alitaka kuiacha kazi, baba yake akamkataza. "Kaa pale pale," alimwambia. "Nakuhitaji pale."

Sasa fundi akamkabidhi kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa uzi.

"Usiuguse. Rangi haijashika. Alama moja ya kidole chako itaniaibisha."

"Baba, kwani umenipa mpira au bibi harusi?"

"Nimesema usiuguse! Mfungulie kisanduku, autoe kwa mkono wake."

"Haya, mzee, usinimeze. Na akianza kuubusu, nimpe salamu zako?"

Fundi akacheka. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika humo ndani tangu mazishi, na kilimtoka vibaya, kama kikohozi.

"Mpe," akasema. "Mwambie nimeuweka moyo wangu wote humo."

Mama alimsindikiza kijana hadi getini. Akafumbua mdomo kama mwenye neno. Kisha akamrekebisha kola ya shati, akamwacha aende.

Siku ile fundi hakugusa kazi. Alikaa uani, akiugeukia mtaa, akisubiri kelele: gari la wagonjwa, watu wakikimbia, simu ya jirani mwenye umbea. Mtaa ukafanya yake. Muuza mkaa akapita. Mtoto akachapwa nyumba ya tatu, akalia, akanyamaza.

Jua lilipokuwa utosini, geti likalia. Kijana aliingia polepole, uso umelowa jasho, lakini anatabasamu.

"Mbona mapema?" fundi akasimama. "Ameupokea?"

"Baba, kumbe lile dume woga umelijaa! Nimefungua kisanduku, ameusifu weee, amekusifu na wewe. Halafu mkono ukamkauka hewani. Eti mpira umetoka ngumini mwa maiti, hauweki mdomoni mwake mpaka mtu wa damu ya marehemu auondolee nuksi. Mbele ya watu wote! Nikataka kumwachia pale pale niondoke."

"Ukaondoka," akasema mama. Hakuwa anauliza; alikuwa anaomba.

Kijana akajibwaga kitini, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Ningeondokaje, mama? Nilikumbuka baba mdogo alikufa ameushika, na mimi sikupata kumuaga. Nikaubusu."