Tuta la Kijino

Siku ya kwanza ya masika, Ngedere alimpeleka mwanawe Kijino kwa Fuko akafundishwe kulima. Yeye mwenyewe hakulijali jembe. Alitaka mtoto amtonye siku mahindi yatakapokomaa, aingie kuiba.

Fuko alimpa kila mtoto aliyekuja kujifunza tuta lake. Kila jioni Ngedere aliuliza, "Tayari?"

"Bado, baba. Leo tumepalilia," Kijino alijibu, kucha zimejaa udongo, kisha akala na kulala bila kubembelezwa.

Miezi mitatu ilipita, Ngedere akachoka kungoja. Adhuhuri moja, Fuko akiwa shimoni, aliingia shambani na kushika hindi kwenye tuta la karibu. Bonge la udongo likampiga mgongoni.

"Achia! Hilo tuta langu!"

"We Kijino! Ni mimi baba yako!"

"Nimekuona, baba. Ndiyo maana sikutupa jiwe."

Ngedere alikuwa ameshafukuzwa katika mashamba saba. Hili la nane alitoka akicheka, akawaambia majirani, "Mtoto ana shabaha huyo!"

Jumamosi Kijino alivuna mahindi kumi na moja, akamchomea baba yake mawili. Ngedere aliyala yote, kisha akaenda kwa Fuko kuomba tuta.