Nyuma ya Kanisa la Castelmora

Jumapili hiyo Nzioka alikunywa chai yake akiwa amesimama, na hilo peke yake lilimfanya Kamene amtazame mara mbili.

"Keti," Kamene alimwambia huku akipangusa meza. "Ama lile kanisa lako limehama tena?"

Watu wakacheka. Hoteli ya Zacharia, baba yake Kamene, ilijaa kila Jumapili baada ya ibada, na si kwa ajili ya mandazi. Walikuja kumsikia Nzioka, fundi cherehani wa veranda ya duka la Kantilal, akieleza alivyotembelea kijiji cha Castelmora huko Italia wakati wa vita. Kufikia mwaka huo wa hamsini na moja, nusu ya Thika ilikijua kijiji hicho. Kiko juu ya kilima, kina kanisa kileleni, na kimezungukwa na ukuta wa mawe wa miaka mia saba. Lango ni moja tu, na vichochoro ni vyembamba hata punda wawili hawapishani. Chini yake mizabibu imepangwa mistari kama kahawa ya Ruiru. Akifika kwenye mvinyo, uliolala ndani ya mapipa makubwa kama nyumba, Nzioka alikuwa akishusha sauti kwa heshima ya Zacharia, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Zacharia naye alikuwa akisogeza kiti karibu.

Nzioka hakuwahi kufika Italia. Vita vyake vyote alivimalizia Misri akishona mahema katika karakana ya jeshi. Ukutani mwa karakana ile palikuwa na kalenda, na kwenye kalenda picha ya Castelmora, ambayo aliitazama miaka miwili mizima. Aliporudi nyumbani, mtu akamuuliza alichokiona ng'ambo. Kusema "mahema" kulimshinda. Castelmora ikamponyoka mdomoni, na Kamene, aliyekuwa akipita na birika, akasimama kusikiliza. Tangu siku hiyo angerudi nyuma vipi?

Sasa alikuwa amepeleka posa. Zacharia hakukataa. Alisema tu, "Nitakujibu Jumapili. Nitakuwa na mgeni."

Mgeni alifika kwa pikipiki, nyusi zimejaa vumbi. Alikuwa Mwitalia aitwaye Nello, aliyeletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita, na vita vilipokwisha akabaki Ruiru akitengeneza mashine za kumenya kahawa.

"Bwana Nello," Zacharia alisema, akihakikisha kila meza inasikia, "Castelmora unakijua?"

Mwitalia aligeuzageuza kofia mikononi. Hoteli nzima ilikuwa ikimtazama.

"Nakijua," alisema. "Wazee wetu ni wa pande hizo."

Nzioka akakiweka kikombe mezani.

"Vizuri sana," Zacharia akasema. "Huyu kijana anasema amefika huko, na anamtaka binti yangu. Mimi sitampa mtoto wangu mtu mwongo. Haya, Nzioka, tueleze. Bwana Nello atatuambia ukikosea."

Nzioka akaeleza. Alianza kwa sauti ya mgonjwa, akataja lango, akataja ukuta, akapanda kichochoro hatua kwa hatua. Kila alipotua, Zacharia alimgeukia mgeni, na kila mara mgeni akasema, "Ndivyo." Alikuwa ameegemeza shavu mkononi, chai yake imepoa mbele yake.

"Na nyuma ya kanisa?" Zacharia aliuliza ghafla. "Huko hujawahi kutupeleka. Kuna nini?"

Kalenda haikuonyesha nyuma ya kanisa. Nzioka alimtazama Kamene, na leo Kamene hakuwa akicheka. Alikuwa ameikumbatia sinia kifuani kama mtoto.

"Kuna mtini," Nzioka alisema. "Mkubwa. Chini yake kuna benchi la mawe. Akina mama hukaa hapo jioni wakimenya maharagwe."

Nzi alizunguka juu ya bakuli la sukari.

"Bwana Nello?"

Mwitalia alikohoa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Upo," alisema. "Tulikuwa tukiiba matunda yake. Padri alikuwa akitukimbiza."

Hoteli ikalipuka kwa vifijo. Zacharia aliushika mkono wa Nzioka akautikisa mpaka ukauma, kisha akaamuru kila mtu apewe chai ya bure, jambo ambalo wateja wa zamani walilazimika kuulizana kama wamelisikia sawasawa.

Kamene alipita na sinia. "Mtini," alinong'ona. "Huo hukuwahi kutuambia."

"Nilikuwa nimeuweka."

"Basi tukishaoana utaniambia na mengine uliyoyaweka. Yote."

Nzioka alimwona Nello akijipenyeza kwenda nje, akamfuata. Roho ilikuwa ikimsuta. Mtu asiyemjua kabisa alikuwa amedanganya mbele ya mzee wa kanisa ili amwokoe yeye. Kumshukuru tu hakungetosha. Ilibidi amwambie ukweli. Alimkuta ameketi juu ya pikipiki, inanguruma, lakini haendi.

"Bwana Nello," alianza, "kuhusu ule mtini..."

"Ngoja." Mwitalia alichungulia mlango wa hoteli, akamvuta karibu kwa kola ya koti. "Asante, ndugu yangu. Ungeniuliza swali moja tu pale ndani, ningeumbuka. Mimi nilizaliwa Asmara, kule Eritrea. Italia sijaikanyaga hata siku moja."

Akaizima pikipiki.

"Sasa tuko wawili tu. Nieleze polepole, usiruke kitu. Kwetu kukoje?"