Kuhesabu Mpaka Kumi

Chapchap alipokanyaga sakafu ya mashine, mtunza stoo aliivuta ngazi nje, akailaza chini bila haraka.

Mashine yenyewe ni pipa la chuma la kuchanganyia chakula cha kuku. Kina chake ni kimo cha watu wawili, na ndani mna mapanga manne yanayozunguka. Gunia lilikuwa limenasa kwenye mapanga hayo. Wasafishaji walikuwa wameenda kula, lori linapiga honi getini, na msimamizi, aliyelipata jina la Chapchap kwa jasho lake mwenyewe, hakuwa mtu wa kusubiri.

"Dada, ovaroli na ngazi, chapchap!"

"Na kufuli je, bosi?"

"Kufuli la nini? Dakika mbili tu."

Sheria iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa: anayeingia kwenye mashine afunge swichi kwa kufuli lenye jina lake, na ufunguo akae nao mwenyewe mpaka atoke. Mtunza stoo hakubishana. Alimletea ovaroli, akamsaidia hata kuivaa, kisha akamwacha akihangaika na mabuti, akaenda kuichukua ngazi iliyokuwa kando ya swichi.

Mwaka uliopita mdogo wake, fundi wa mashine, aliingia humo humo, akatolewa bila mguu. Taarifa ya msimamizi ilisema swichi haikuwa na kufuli, fundi alijitakia mwenyewe. Dada mtu alieleza kwamba kufuli alimpa asubuhi ile kwa mkono wake. Wakamcheka, damu nzito kuliko maji. Mdogo wake aligonga kichwa siku ile, hakumbuki kitu, na siku hizi anasema, "Labda kweli nilisahau, dada." Hapo ndipo moyo wa dada mtu ulipokuwa ukiungua. Kukatwa mguu, halafu uombe radhi wewe!

Baada ya ajali uongozi ulileta mwalimu wa semina. Ukipandwa na hasira kazini, alisema, vuta pumzi, hesabu mpaka kumi. Mwaka mzima mtunza stoo alihesabu. Hasira haikupungua hata chembe.

"Wewe! Ngazi iko wapi?"

Alifungua boksi la swichi. Mlango wake ulilia, na Chapchap aliujua mlio ule.

"Unafanya nini huko?"

"Natuliza hasira, bosi. Moja."

Wafanyakazi walianza kurudi kutoka kula. Walimkuta amelipa boksi mgongo, mgongo mpana uliolifunika lote, mkono mmoja ameupeleka nyuma. Wakasimama. Kila mmoja alikuwa na lake na Chapchap, basi hakuna aliyeona sababu ya kukimbia.

"Mbili. Tatu. Nani alikata kufuli la mdogo wangu?"

"Una wazimu! Jamani, mkamateni!"

"Nne. Tano."

Walisikia mabuti yakiparaza chuma. Alijaribu kupanda, akateleza, akajaribu tena.

"Sita. Saba. Nane."

"Mimi!" Sauti ilipasuka. "Nilikata mimi, kwa mkasi wa chuma! Lori lilikuwa linasubiri, nikadhani ameshatoka, nikawasha! Kufuli nikalitupa chooni. Nisamehe dada yangu, nina watoto!"

"Rudia. Wenzako hawajasikia vizuri."

Alirudia, akilia kwa kwikwi, akamtaja mdogo mtu kwa jina lake lote. Dereva wa lori, aliyekuja kuulizia mzigo wake, alikuwa ameinua simu anarekodi kila neno.

Mtunza stoo alifumba macho kidogo. Jioni hii mdogo wake ataisikia sauti hiyo kwa masikio yake. Raha aliyoiona ilikuwa tamu, na wala hakuionea aibu.

Wakamrudishia ngazi. Chapchap alitoka, kamasi mpaka kidevuni, na hakumaliza hata kushuka kabla ya kunyoosha kidole.

"Mmemwona! Wote mmemwona! Alitaka kuniua! Iteni polisi!"

"Waiteni," alisema mtunza stoo, akasogea pembeni.

Swichi ilikuwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli lenye jina la Chapchap, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli aliyoingia nayo.