Akiba ya Kumjibu Mama

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kupigiwa mfano.

Redio ya kuitana iliyo katika kila nyumba kwetu huishi kwa jua inalojikusanyia yenyewe, wala hakuna pa kuiongezea. Kusikiliza hakuli kitu. Kusema ndiko kunakokula, na ukitaka kufika mbali kunakula zaidi. Ndiyo maana msimu wa mawingu sisi wa Rungwe huzungumza na jirani tu, kwa nguvu ndogo, na akiba tunamwekea mgonjwa.

Mimi nikasikia mtani wangu Sanga, kule Makete, kateleza akaangukia zizi la nguruwe. Mtani haachwi hivihivi! Nikapandisha nguvu mpaka mwisho. "Sanga, nguruwe wanauliza, mwenzao anarudi lini?" Tukatukanana kwa raha hadi taa ya redio ikazimika.

Jioni mama mkwe akaita kutoka Kyela, sauti nyembamba.

"Atuganile, mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama!" mke wangu akajibu. Sauti yake haikuvuka hata ukuta wetu. Akageuka kunitazama. Nikakimbilia kwa majirani. Hakuna aliyekuwa na akiba ya kufika Kyela.

"Atu? Mko wapi, jamani?"

Aliita, akaita, kisha akanyamaza. Asubuhi tukapata habari ya msiba.

Baada ya matanga nikajaribu kumfariji mke wangu. "Angalau tulimsikia, Atu. Hakuna neno lake lililopotea."

Hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua.

"Sisi tulimsikia. Yeye amekufa akidhani tumemnyamazia."