Limbuko la Mkurugenzi

Sheria ni kwamba anayeidhinisha dawa ya mimea ndiye anayelimbua. Mavuno ya kwanza yaliyopigwa dawa hiyo yanapikwa jikoni kwake, yanaliwa na watu wa nyumba yake, ndipo yaende sokoni. Mume wangu Lwitiko ni mkurugenzi wa kilimo, kwa hiyo mwaka wa sita huu napika mbele ya msimamizi. Sijawahi kuogopa. Mtu gani atawalisha wanawe sumu?

Leo lilikuja tenga la nyanya za Ilula. Nikapika mchuzi, nikasonga ugali. Msimamizi akafungua orodha, akatuita mmoja mmoja tukala: Lwitiko, mimi, mama mkwe. Kisha akaifunga.

"Bado Atupele," nikamwambia. Binti yetu ana miaka minne.

"Hayumo, mama. Baba yake alimwondoa juzi. Ameandika kwamba siku hizi anaishi kwa shangazi yake."

Nikacheka. Kwa shangazi tulimpeleka asubuhi hii hii, akacheze siku moja tu. Lwitiko ndiye aliyeshikilia aende.

Kicheko kikanikauka. Nikamtazama. Alikuwa ananawa mikono, akisugua kucha moja moja, wala hakuinua uso. Na mimi nilikuwa nimeshameza.

Mama mkwe akarudisha tonge lake la pili sahanini.

"Lwitiko," akasema polepole, "na mimi niliyekuzaa?"

Lwitiko akajimiminia maji tena mikononi. Msimamizi akagonga muhuri, akaaga. Nje, malori ya nyanya yakawasha injini.